Mshona Seruji wa Florennes na Barabara za Eldoret

Firmin Lambot alizaliwa tarehe 14 Machi 1886 katika mji mdogo wa Florennes, nchini Ubelgiji, na kabla jina lake halijajaa katika magazeti ya Ulaya alikuwa mshona seruji, fundi wa matandiko ya farasi, ambaye kazi yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kumshika saa kumi na mbili nzima, na ambaye baiskeli aliyoipanda kwa ajili ya kazi hiyo ilimtembeza takriban kilomita 50 kila siku. Siku moja aliingia katika mbio za kijiji jirani, akashinda, akapewa faranga tano. Kisha akanunua baiskeli ya mashindano, akajizoeza, na ilipofika mwaka 1908 alikuwa amekwisha kuwa mwendeshaji wa kulipwa. Miaka kumi na mmoja baadaye alishinda Tour de France, akaishinda tena mwaka 1922 akiwa na umri wa miaka 36, na hadi leo hajapatikana mshindi wa mbio hizo aliyemzidi kwa umri.

Wanaosimulia habari za mabingwa wa kale aghalabu huanzia kwenye jezi ya manjano, ile anayovikwa anayeongoza Tour. Mimi, mkazi wa mtaa wa West Indies hapa Eldoret, naomba ruhusa ya kuanzia kwenye zile faranga tano, maana naamini kuwa ndani yake mna siri ambayo mji wetu, pamoja na fahari yake yote ya mapafu na miguu, haujaitia maanani. Bingwa wa baiskeli huzaliwa na wingi wa mbio ndogo ndogo zilizo karibu na mlango wa nyumba yao, mbio ambazo mtu asiye na mali anaweza kuziingia kwa baiskeli ile ile inayompeleka kazini, zikamtia kitu mkononi siku hiyo hiyo na kumwonyesha, mbele ya jirani zake, kwamba ana kipawa ambacho hata yeye mwenyewe hakukijua. Mbio za namna hiyo ni haba mno kwetu, na maadam ni haba, kila kijana wa Eldoret aliyewahi kung'ara juu ya baiskeli amepatikana kwa bahati nasibu.

Yafaa kwanza tumtazame mtu aliyetoka katika faranga tano hizo, na kazi aliyoifanya. Mkataba wa Versailles, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Siku ya pili yake waendeshaji wasiozidi sabini waliondoka Paris kuizunguka Ufaransa, kilomita 5,560 kwa hatua 15, katika nchi ambayo vita vilikuwa vimezichakaza barabara zake, na ambamo mipira ya magurudumu ilikuwa adimu kiasi cha kuvilazimisha viwanda vya baiskeli kuungana na kuwavika waendeshaji wao jezi za rangi moja ya kijivu. Watatu kati ya washindi wa miaka iliyopita, François Faber, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton, walikuwa wamekufa katika miaka ya vita hivyo. Hatua ya tano, kutoka Les Sables-d'Olonne mpaka Bayonne, ilikuwa na urefu wa kilomita 482. Msomaji na aichukue barabara ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, aibandue lami yake, aondoke katika giza la usiku kwa baiskeli ya chuma, na aambiwe kwamba safari hiyo ni ya siku moja tu, na kwamba keshokutwa ataianza nyingine.

Kanuni za Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto ambalo ndilo lililoasisi mbio hizo mwaka 1903, zilikuwa kali kupita kadiri. Mwendeshaji alipaswa kuitengeneza baiskeli yake kwa mkono wake mwenyewe, pasi na msaada wa mtu awaye yote, na ndiyo sababu picha za zama zile zinawaonyesha wamejizungushia mipira ya akiba mabegani, ikipishana kifuani na mgongoni. Gia za kubadili mtu akiwa mwendoni zilikatazwa, na katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1937. Aliyefika kwenye mwinuko mkali alishuka, akalifungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi, akalikaza, kisha akapanda kuufuata mlima. Aliyevunja sharti aliadhibiwa bila kuhurumiwa: Philippe Thys wa Anderlecht, Mbelgiji aliyeshinda mwaka 1913, 1914 na 1920 na kuwa mtu wa kwanza kuzitwaa mbio hizo mara tatu, alitozwa nusu saa mwaka 1914 kwa kubadili gurudumu kinyume cha kanuni, na faida yake yote iliyosalia alipofika Paris haikutimia dakika mbili.

Katika mwaka ule wa 1919 aliyekuwa akiongoza ni Mfaransa Eugène Christophe, na yeye ndiye aliyevikwa jezi ya kwanza ya manjano katika historia ya mbio hizo, mjini Grenoble. Aliondoka Metz kuelekea Dunkerque, hatua ya mwisho ila moja, akiwa mbele ya Lambot kwa takriban nusu saa. Karibu na Valenciennes, juu ya mawe ya barabara, uma wa mbele wa baiskeli yake ukavunjika, akapoteza zaidi ya saa nzima akiufua katika karakana, na mshona seruji akapita. Wafaransa walimwonea Christophe huruma kubwa hata wakamchangia fedha iliyozidi zawadi ya mshindi mwenyewe. Kati ya wote walioanza, waliorudi Paris na kuhesabiwa kuwa wamemaliza walikuwa kumi tu.

Wapo wanaosema kwamba Lambot aliuokota ushindi njiani, na hoja yao huitia nguvu kwa mwaka 1922, aliposhinda pasipo kuwa wa kwanza katika hatua hata moja, baada ya Mbelgiji mwenziwe Hector Heusghem, aliyekuwa mbele yake, kutozwa saa nzima kwa kubadili baiskeli. Sikubaliani nao. Katika mbio ambazo kanuni yake ya kwanza ni kwamba chombo chako ni amana yako, yule aliyekifikisha salama baada ya kilomita elfu tano za mashimo na mawe ameshinda kwa haki, sawa na aliyetangulia kwa kasi. Na mtu aliyezoea tangu ujana kuketi saa kumi na mbili juu ya ngozi na sindano, akijua kwamba mshono mmoja mbovu utamwangusha mpanda farasi, yamkini alikuwa na subira ambayo wapiga kasi hawakuwa nayo.

Lakini la ajabu zaidi ni kwamba Florennes ilitoa bingwa wa pili. Léon Scieur, fundi wa vioo aliyeanza baiskeli akiwa amekwisha kuwa mtu mzima na ambaye Lambot ndiye aliyemvuta katika mchezo huo, alishinda Tour ya mwaka 1921. Katika mbio hizo njiti za gurudumu lake zilikatika, na kwa kuwa hapakuwa na msimamizi karibu wa kushuhudia kwamba gurudumu halitengenezeki, ilimbidi alibebe mgongoni kwa takriban kilomita mia tatu ili alionyeshe mwisho wa safari, na kovu la mzigo ule likabaki katika mwili wake. Mji mmoja mdogo, majirani wawili, Tour tatu katika miaka minne! Aidha, kuanzia mwaka 1912, aliposhinda Odile Defraye, hadi mwaka 1922, ukiitoa miaka ya vita ambayo mbio hazikufanyika, Wabelgiji walizitwaa mara saba mfululizo, na mwaka 1920 walishika nafasi zote saba za kwanza.

Ni kitu gani kilichokuwa Ubelgiji? Haukuwa mwinuko. Kilele cha juu kabisa cha nchi ile hakifiki mita 700, ilhali mtu aliyesimama mlangoni mwake hapa West Indies yuko juu takriban mita 2,100, yaani mara tatu ya kilele hicho, bila kutoka jasho. Haukuwa ukubwa wa nchi, kwani Ubelgiji ingeingia ndani ya Kenya karibu mara kumi na tisa. Kilichokuwako ni kwamba kila kijiji kilikuwa na sikukuu yake ya mwaka, na katika sikukuu hiyo njia za kijiji zilifungwa, waendeshaji wakazunguka kanisa na maduka mzunguko baada ya mzunguko, wazee wameketi vibarazani, watoto wakihesabu, na jioni mshindi akapewa zawadi isiyo kubwa mbele ya watu waliomjua tangu utoto. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kijiji kingine. Magazeti nayo yaliingia kazini: mwaka 1913 mwandishi Karel Van Wijnendaele wa gazeti la Sportwereld alianzisha Mbio za Flanders, ambazo hata leo Wabelgiji huzingoja kwa shauku wasiyokuwa nayo kwa mchezo mwingine wowote. Desturi ile ya vijijini haijafa, na kijana wa Kibelgiji anayetaka kujipima hahitaji kuuliza apite wapi.

Sisi wa Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet hatupaswi kuona jambo hili kuwa geni, kwa kuwa ndilo lililotupa wakimbiaji. Wageni huja Iten na vyombo vyao vya kupimia damu, wakaandika juu ya hewa nyembamba, juu ya ugali na maziwa, juu ya watoto wanaokimbilia shule. Na hayo yote yana ukweli wake. Lakini mtoto wa Keiyo au wa Nandi hushindanishwa tangu shule ya msingi, darasa kwa darasa, shule kwa shule, tarafa kwa tarafa, katika mbio za nyika na za uwanjani, hata anapofika mbele ya jicho la mkufunzi kama Bruda Colm O'Connell, aliyewasili katika Shule ya St Patrick's ya Iten mwaka 1976, amekwisha kupepetwa mara nyingi na waalimu ambao majina yao hayataandikwa popote. Hewa tuliyonayo wanayo pia watu wa milima mingine mingi ya ulimwengu ambao hawajatoa bingwa hata mmoja.

Kama kuna anayedai ushahidi zaidi, na autafute Asmara. Mji mkuu wa Eritrea uko juu ya mita 2,300, ukituzidi kidogo tu, na watu wake hawakuwa matajiri kutushinda. Walakini mbio za kuizunguka nchi yao zilianza mwaka 1946, na mbio za mitaani katika mji huo zimekuwa sehemu ya maisha ya kila wiki, familia zikitoka baada ya ibada kwenda kusimama kando ya njia. Kutoka huko ametoka Biniam Girmay, ambaye mwaka 2022 alikwenda Ubelgiji penyewe akashinda mbio za Gent-Wevelgem, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mbio za cheo hicho, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Mwinuko wao ni wetu. Kilichotutenga nao ni kalenda.

Kwamba miguu ipo hapa, hilo halina shaka. Mwaka 2008 mpiga picha wa Singapore aitwaye Nicholas Leong aliwachukua Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, mmoja mwendesha bodaboda ya baiskeli na mwingine mpiga viatu rangi, akawapeleka Ufaransa kuupanda mlima wa Alpe d'Huez, kilomita zipatazo kumi na nne zenye kona 21, ambao ndio mizani ambayo Ulaya hupimia wapanda milima wake. Na Nderi akaumaliza kwa dakika 42 na ushei, muda ambao waendeshaji wengi wanaolipwa wasingeuonea haya. Kutokana na safari hiyo ikaundwa timu ya Kenyan Riders, yenye makao Iten. Tafadhali msomaji auzingatie mpangilio wa kisa hiki: alihitajika mtu atoke Singapore, kwa gharama yake na kwa hisia yake tu, ili tujue kwamba miongoni mwa waliotubeba sokoni na waliotusugulia viatu mlikuwa na wapanda milima. Florennes haikumngoja mtu wa Singapore.

Katika timu hiyo alipita Suleiman Kangangi, ambaye Eldoret yote ya baiskeli ilimwita Sule. Alianza kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya mizigo ambayo kila nyumba ya zamani ya mji huu imewahi kuwa nayo. Akapanda daraja baada ya daraja mpaka akaichezea timu ya Bike Aid ya Ujerumani, na mwaka 2017 akawa wa tatu katika Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Metkel Eyob wa Eritrea. Baadaye akawa nahodha wa Timu Amani, iliyokusudia kuwakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wale wa Ulaya na Marekani, ikaanzisha mbio za barabara za vumbi katika nchi ya Mara ili wageni ndio wafunge safari kuja kwetu. Kila aliyesikia Kangangi akizungumza alijua kwamba hakujifanyia yeye peke yake: alikuwa akisaka njia ambayo wadogo zake wangeipita bila kuchubuka kama alivyochubuka yeye. Tarehe 27 Agosti 2022, katika mbio za Vermont Overland nchini Marekani, alianguka, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 33. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sikumtaja ili nimlilie tu. Namtaja kwa sababu mtu huyu, akilinganishwa na Lambot, alilazimika kwenda mbali mno ili kupata mbio za kumtosha. Lambot alipata faranga zake tano kijiji cha pili. Kangangi, ili ajipime na walio sawa naye, ilimpasa apate pasi, viza, tiketi ya ndege na mfadhili. Na kwa kila Kangangi mmoja aliyevuka vikwazo hivyo, ni wangapi walioishia kwenye mizigo ya makaa na mitungi ya maziwa, wasijue kamwe kwamba walikuwa na kipawa? Hata Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah huko Kikuyu na kuivalia Kenya jezi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, alihamia bendera ya Uingereza mwaka 2008, na zile Tour nne alizoshinda, za 2013, 2015, 2016 na 2017, zimeandikwa katika daftari la nchi nyingine. Simlaumu. Mwenye mbegu asiyekuwa na shamba hupanda kwa jirani.

Ningekuwa mdhalimu lau ningeisifu Ubelgiji ya zama za Lambot pasipo kutaja deni lake. Gurudumu la kujazwa upepo ambalo Dunlop wa Belfast alilisajilia hataza mwaka 1888 ndilo lililoifanya baiskeli iwe chombo cha watu wote, na ndilo lililoifanya dunia ililie mpira. Na mpira huo ulitafutwa katika misitu ya Kongo, ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki kama mali yake binafsi tangu mwaka 1885 mpaka 1908, kwa kuwatoza wanavijiji mzigo wa utomvu kwa bunduki na kiboko, na kukatwa mikono kukawa jambo la kawaida katika nchi ile. Sidai kwamba fundi wa Florennes alijua jambo hilo, wala sijui mtu anayeweza kumhukumu kwa hilo. Nasema tu kwamba watu wa Afrika ya Kati walikwisha kuulipia mchezo huu, kwa damu, kabla mtu wao hajapewa nafasi ya kuucheza; kwa hiyo tunapoudai leo hatuombi hisani ya mtu.

Mwezi wa Septemba 2025 ulimwengu wote wa baiskeli ulikuja Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika katika ardhi ya Afrika. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za kupimwa kwa saa, na siku ya mwisho akawa wa pili nyuma ya Tadej Pogačar wa Slovenia, juu ya vilima vya mji ambao zamani Wabelgiji walikuwa wakiutawala. Rwanda haikuamka asubuhi moja ikapewa heshima hiyo. Mbio zake za nchi zilianza mwaka 1988, zikaingia katika daftari la chama cha baiskeli cha dunia mwaka 2009, na watu wake wakazoea kujipanga kandokando ya vilima kwa maelfu kuwashangilia waendeshaji. Kutoka hapa Eldoret mpaka Kigali ni mwendo wa basi.

Basi mimi napendekeza jambo dogo. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu, ambayo tangu Agosti 2024 inajivunia kwamba Eldoret imepata hadhi ya jiji, na itenge Jumapili moja ya kila mwezi, izifunge njia za mtaa mmoja kwa muda wa saa tatu, leo West Indies, mwezi ujao Kapsoya, kisha Langas, Huruma na Pioneer, na iruhusu mbio za mizunguko zifanywe hapo. Zisipelekwe kwenye Barabara ya Uganda: malori yaendayo Malaba hayana subira na mwenye baiskeli, na anayepinga mchezo huu kwa sababu ya hatari ana haki ya kusikilizwa, hasa na sisi ambao tumemzika Kangangi, na ambao mwaka 2014 tulimpoteza John Njoroge wa Kenyan Riders katika mbio huko Ufilipino. Jibu langu kwake ni kwamba kijana anayefundishwa kona, breki na msongamano katika njia zilizofungwa, mbele ya polisi na gari la wagonjwa, yu salama kuliko yule anayejifunza peke yake alfajiri pembezoni mwa lami ya Iten, akipishana na matatu.

Wapo watakaosema kwamba kukimbia kwahitaji viatu tu, ilhali baiskeli ya mashindano hupita bei ya pikipiki, kwa hiyo mchezo huu si wa maskini. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayonifanya nisisitize kwamba mbio za kwanza ziwe za Black Mamba peke yake, baiskeli ya mizigo yenye keria na bila gia, ile ya muuza mkate na ya mpeleka maziwa, na kwamba mtu akipata pancha aizibe mwenyewe kwa kanuni ya Desgrange. Mbio za baiskeli nyepesi zifuate baadaye, kwa wale waliokwisha kupatikana. Wasichana nao wawe na mbio zao tangu siku ya kwanza, na zisiwekwe asubuhi mapema kabla watazamaji hawajafika. Maana bado naona katika mtaa wetu binti mwenye baiskeli akitazamwa kama mtu aliyepotea njia, na hakuna litakaloiondoa taksiri hiyo isipokuwa macho kuzoea.

Fedha inayotakiwa si nyingi. Zawadi ya kwanza na iwe bei ya mipira miwili mipya pamoja na tyubu zake, ya pili iwe mnyororo, ya tatu iwe unga. Wafanyabiashara wa vipuri wa mji huu wanaweza kuitoa bila kuhisi. Makanisa na misikiti ikubaliane juu ya saa, vyama vya bodaboda vitoe vijana wa kusimama kwenye njia panda, na mbio za mwezi wa Agosti ziitwe kwa jina la Suleiman Kangangi. Magazeti ndiyo yaliyoizaa Tour de France na Mbio za Flanders, kwa hiyo na magazeti yetu ya Kiswahili yasingoje bingwa ndipo yaandike. Kila Jumatatu inayofuata mbio yachapishe majina ya wote waliomaliza, tangu wa kwanza hata wa mwisho, pamoja na mtaa na kazi ya kila mmoja wao.